Nyota badilifu kwa darubini ya mkononi: anza na Eta Aquilae

Anayeanza kutazama nyota badilifu, yaani zile ambazo mwangaza wake hupanda na kushuka, huvunjika moyo haraka akipewa nyota inayochukua miezi kumi kumaliza mzunguko wake. Ndiyo maana kila anayenijia humwanzishia Eta Aquilae, nyota ya kundi la Aquila (Tai). Hii hufifia na kung'aa tena kila baada ya siku 7.18, kati ya 3.5 na 4.4 kwenye kipimo cha mwangaza (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu). Ni tofauti ya zaidi ya mara mbili, na jicho huiona. Tena iko karibu kabisa na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), kwa hiyo kwetu Afrika Mashariki hupita juu ya utosi, mbali na vumbi na ukungu wa upeo wa macho.

Aliyegundua mabadiliko yake ni Edward Pigott, akiwa York, Uingereza, Septemba 1784. Hubadilika kwa sababu nyota yenyewe hutanuka na kusinyaa. Nyota za aina hii huitwa Sefeidi, na ndizo zilizomwezesha mwanaanga Mmarekani Henrietta Leavitt kuonyesha, mwaka 1912, kwamba yenye mzunguko mrefu zaidi huwa na nuru nyingi zaidi. Kutokana na hilo wanaanga wakapata njia ya kupima umbali wa galaksi.

Hatua ya 1: Vifaa. Darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50 inatosha. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi kwa milimita. Chukua mkeka, daftari, na tochi uliyoifunika kwa nailoni nyekundu. Lala chali, ukisimama shingo itauma na mikono itatetemeka. Kaa gizani dakika 20 au zaidi kabla ya kuanza, na simu iache ndani.

Hatua ya 2: Itafute. Katikati ya Agosti, kama saa nne na nusu usiku, tazama juu, kidogo upande wa kaskazini. Utaona nyota tatu kwenye mstari: ya kati inayong'aa sana ni Altair, Tairi ya mabaharia wetu. Ya upande wa kusini ni Beta Aquilae. Toka Altair hadi Beta, kisha endelea kusini mara mbili ya umbali huo, ukipinda kidogo magharibi. Hapo ndipo ilipo Eta.

Hatua ya 3: Linganisha. Unahitaji nyota tatu zisizobadilika: Theta (3.2) upande wa mashariki, Beta (3.7), na Iota (4.4) upande wa magharibi. Vuruga fokasi kidogo, nyota ziwe viduara badala ya nukta. Ni rahisi zaidi kulinganisha viduara. Tuseme Eta ni hafifu kuliko Beta lakini inaishinda Iota. Jiulize imeshuka kiasi gani kati yao. Ikiwa ni theluthi moja ya njia, basi: tofauti ni 0.7, theluthi yake ni kama 0.2, andika 3.9. Usikodoe macho kwenye nyota moja kwa muda mrefu. Hamisha jicho upesi huku na huku.

Hatua ya 4: Andika kabla ya kufungua kurasa za nyuma. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Nilipokuwa naanza nilikuwa nasoma makadirio ya jana kwanza, na kila usiku nyota ikatii nilichotarajia. Ilinibidi kuachana na makadirio ya mwezi mzima. Ukiona 4.1 usiku ambao "ingepaswa" kuwa 3.6, andika 4.1.

Hatua ya 5: Usitazame Jumamosi tu. Mzunguko wa siku 7.18 unazidi wiki kwa saa nne na dakika chache. Anayetazama mwisho wa wiki pekee ataikuta karibu palepale kila mara na kudhani haibadiliki. Tafuta usiku mitatu au minne kila wiki, hata dakika tano tano.

Hatua ya 6: Chora. Baada ya mwezi weka tarehe chini na mwangaza pembeni, 3.5 ikiwa juu. Utaona nyota inapanda kwa siku mbili na ushei, kisha inashuka polepole kwa karibu siku tano. Mara ya kwanza mstari huo uliponitokea kwenye karatasi ya mraba, nilikaa nikiutazama hadi chai ikapoa.

Hatua ya 7: Tuma. AAVSO, shirika la Marekani la watazamaji wa nyota badilifu lililoanzishwa mwaka 1911, hupokea makadirio kutoka kwa yeyote na hutoa ramani bure. Kwenye ramani zao 37 maana yake 3.7, nukta huachwa isije ikadhaniwa ni nyota. Muda huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Kwa saa zetu za usiku, ongeza 15: saa tatu usiku ni 18:00. Ikifika saa tisa usiku, ndipo tarehe ya UTC inapogeuka.