Gari limechoka: kulitengeneza, kuliuza lilivyo, au kulitoa chuma chakavu

Carina, Corolla, Noah na IST nyingi zinazozunguka Arusha na Moshi zimeshapita miaka 20. Kila zinapoingia gereji mwenye gari anajiuliza swali lile lile, na wengi wanalijibu kwa kuangalia hela zilizokwisha kutumika: "Nimeshaliwekea milioni mbili, nitaliachaje?" Milioni mbili hizo hazirudi, utengeneze au usitengeneze. Hesabu ya kweli inaanzia leo kwenda mbele, na haianzi kabla hujajua gari linaumwa nini.

Kagua kwa mpangilio huu: bodi kwanza, halafu injini, halafu gia boksi. Mafundi wengi huanza na injini kwa sababu ndiyo inayopiga kelele. Lakini injini inabadilishwa na gia boksi inabadilishwa. Bodi iliyooza haibadilishwi, maana hiyo ndiyo gari lenyewe, na namba ya chasisi imegongwa humo.

Bodi: bisibisi na nusu saa

Magari madogo mengi hayana chasisi ya kujitegemea kama Land Cruiser au Hilux. Bati la bodi ndilo linalobeba kila kitu, hivyo kutu ikila sehemu yenye kazi, gari linapoteza mifupa yake. Yanayoongoza kwa kutu ni yale yaliyotumika kaskazini ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na yale yaliyokaa miaka mingi pwani. Huku kwetu kutu huongezwa na tope la masika linaloganda ndani ya matao ya tairi bila kuoshwa.

Weka gari kwenye shimo la gereji, au lipandishe kwa jeki kisha liwekee stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Chukua bisibisi bapa uisukume kwa nguvu sehemu nne: vizingiti vya chini ya milango, pale shokapu za mbele zinapofungwa juu (fungua boneti utapaona), pale mikono ya nyuma (vyuma vinavyoshikilia magurudumu ya nyuma) inaposhika bodi, na sakafu ya tairi la akiba. Kutu ya juu juu inakwaruzika na chuma cha chini kinabaki kigumu. Palipooza, bisibisi inazama na unga wa kahawia unadondoka. Ukikuta rangi nyeusi ya lami imepakwa juzi juzi, bonyeza hapo zaidi, kwa sababu mara nyingi imefunika kiraka.

Tundu la sakafu au la kizingiti upande mmoja linachomelewa na maisha yanaendelea. Lakini kama shokapu au mikono ya nyuma inashika kwenye bati lililooza pande zote mbili, simama hapo. Weldi inashika chuma kizima tu. Fundi bodi atakata akitafuta kizima, atakuta kingine kimeoza, atakata tena, na mwisho alaimenti haitakaa. Tairi mpya zitalika upande ndani ya miezi michache, na siku ya kufunga breki ya ghafla hakuna wa kukuhakikishia chochote. Gari la namna hiyo usilinunulie injini.

Land Cruiser za safari ni habari nyingine. Chasisi yake ni chuma kinene, na nyufa zinazotokana na barabara za makorongo huonekana karibu na vikalio vya springi na sanduku la stelingi. Hizo zinachomelewa kwa kuongezewa bamba, na gari linafanya kazi miaka mingine mingi.

Injini: pima kabla ya kuhukumu

Dai kipimo cha kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), hata kama fundi anasema amesikia kwa sikio. Injini iwe ya moto, betri imejaa, plagi zote nne zimetolewa, fyuzi ya pampu ya mafuta imechomolewa na soketi za koili pia. Pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini, halafu piga stata mpaka mshale wa geji uache kupanda. Andika namba ya kila silinda.

Hapa kuna kosa linalowagharimu watu wa huku. Injini nyingi za petroli za Toyota zenye afya husoma kama psi (kizio cha mgandamizo) 170 hadi 200 usawa wa bahari. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu, hewa ni nyepesi, na geji inasoma chini kwa takriban asilimia 15. Injini ambayo Dar es Salaam ingesoma 180, Arusha itasoma kama 150, na Moshi, ambako ni mita 800 hadi 900, itasoma kama 165. Usikubali injini ing'olewe kwa sababu namba ya Arusha haikulingana na ya kitabu. La kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi psi 15 hivi.

Silinda ikiwa chini, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Namba ikipanda sana, ringi au silinda zimelika. Isipopanda, tatizo liko kwenye vali. Silinda mbili za jirani zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi ya silinda hedi.

Gari linalochemsha nalo lina hadithi yake ya milimani. Arusha maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na feni za Toyota nyingi zinawaka kati ya nyuzi 93 na 96. Gari lenye maji matupu na kifuniko cha rejeta kilicholegea linatokota karibu na muda ule ule feni inapoanza kufanya kazi. Ndiyo maana lililotulia Moshi mjini linaanza kuchemsha likipanda kutoka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) kwenda Tengeru, au kutoka Himo kwenda Marangu. Badilisha kwanza vya bei ndogo: kifuniko, kulanti nusu kwa nusu na maji safi, themostati, kisha feni na rejeta. Gasketi imeungua kweli ukiona mapovu yasiyoisha kwenye rejeta iliyofunguliwa injini ikiwa baridi, mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, au oili ikifanana na chai ya maziwa. Silinda hedi ikifunguliwa, ipimwe kwa rula ya chuma na filagheji (vibati vya kupimia mwanya). Injini nyingi za Toyota haziruhusu kupinda zaidi ya milimita 0.05. Kuirudisha bila kuisawazisha kwa mashine ni kununua gasketi nyingine mwezi ujao.

Injini mbili zina ugonjwa unaojulikana. 1ZZ-FE, ile ya Toyota nyingi za 1.8, za miaka ya mwanzo zinakula oili kwa sababu ya matundu madogo ya kurudisha oili kwenye pistoni, na kuhamia oili nene hakuponyi. 2AZ-FE, ile ya Harrier na Kluger za 2.4, nyuzi za bolti za silinda hedi hung'oka kwenye bloki, maji yanavuja nyuma ya injini na gari linachemsha. Gasketi mpya peke yake haisaidii mpaka nyuzi za bloki ziwekewe vikaza vya chuma. Muulize fundi kama amewahi kuifanya kazi hiyo na kwa kifaa gani.

Kula oili kwenyewe kuna kipimo. Jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, pima. Ikipungua lita moja au zaidi, kazi kubwa inakuja. Chini ya nusu lita, kwa gari la umri huu, chungulia dipstiki kila Jumamosi na uendelee nalo.

Gia boksi

Kwa otomatiki, toka N uingie D gari likiwa baridi. Likishika ndani ya sekunde moja na nusu bila kugonga, vizuri. Likichelewa, au mzunguko wa injini ukipanda bila mwendo kuongezeka, huenda klachi za ndani zimekwisha. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ni dalili hiyo hiyo. Oili yenye rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa ina maana maji ya rejeta yameingia gia boksi. Hapo rejeta na gia boksi vinakwenda pamoja kwenye bajeti.

Shokapu, bushi, boljoint, tairodi, beringi za magurudumu na breki visikutie hofu. Vinapiga kelele sana, lakini ni vya kuchakaa, na havijawahi kuwa sababu ya kulitupa gari lenye bodi nzima.

Hesabu

Fundi aandike kila kitu: spea, ufundi, na vile vinavyosahaulika. Injini ya mtumba, kwa mfano, haiji peke yake. Inataka sili za kranki, maunting zilizochoka, plagi nne, kulanti, filta, na oili (1NZ-FE ya IST hunywa lita 3.7 ukibadilisha na filta). Ongeza robo ya jumla kwa ajili ya yatakayoonekana kazi ikiwa wazi. Halafu uliza bei mbili sokoni: gari likiuzwa leo lilivyo, na gari kama hilo likiwa zima.

Tuchukulie IST inayouzika milioni 4 ilivyo, na milioni 8.5 ikiwa nzima. Orodha ya fundi ni milioni 3.1, ukiongeza robo inafika karibu 3.9. Tofauti ya bei ni 4.5, kwa hiyo tengeneza. Sasa chukua IST ile ile yenye vizingiti vilivyooza. Hata ukiweka injini nzuri, mnunuzi akipiga magoti kuangalia chini hatatoa zaidi ya milioni 6. Tofauti ni 2 na matengenezo ni 3.9. Gharama ni ile ile, jibu limegeuka, na kilichogeuza ni kutu.

Kama huna nia ya kuuza, gawa gharama hiyo kwa miezi unayotegemea kulitumia, kisha linganisha na gari jingine. Kumbuka kwamba gari linaloingizwa nchini likiwa na zaidi ya miaka minane linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na gari la mkononi linakuja na magonjwa usiyoyajua. La kwako unayajua.

Ukinunua injini ya mtumba, idai iwashwe mbele yako au ipimwe kompresheni ikiwa chini, fungua kifuniko cha oili uangalie ukoko mweusi, na chukua risiti yenye namba ya injini. Namba hiyo inatakiwa ibadilishwe kwenye kadi ya gari huko TRA (Mamlaka ya Mapato), la sivyo siku ya kuuza utakwama.

Likiwa la kuvunja

Usilipeleke zima kwenye mizani. Gari dogo lina kama tani moja, na mnunuzi wa chuma chakavu analipa kwa kilo bila kujali kilichomo. Toa kwanza vinavyouzika kama spea: taa, milango, vioo, stata, oltaneta, rimu, kompresa ya AC, gia boksi ikiwa nzima. Masega ya ekzosi (yaliyo ndani ya kisafisha moshi) yana madini ya thamani, hivyo uliza bei kwa wanunuzi zaidi ya mmoja. Betri na alumini viuzwe peke yake. Kabla ya kugusa stelingi au dashibodi, chomoa betri usubiri dakika kumi ili mifuko ya hewa isifyatuke. Oili ya zamani weka kwenye dumu, isiingie mtaroni.

Namba za gari na kadi zirudishe TRA ili gari lifutwe kwenye usajili. Ukiliuza lilivyo, hamisha umiliki siku ile ile ya kupokea hela. Kabla ya hapo angalia deni la faini za barabarani na la maegesho, kwa sababu yote yanafuata namba ya gari, na namba hiyo bado ina jina lako.