Jinsi ya kufufua gemu la kanda lililolala miaka ishirini

Kabla ya yote, tafuta kanda, vile visanduku vya plastiki vyenye michezo ndani. Mashine utapata, TV utapata, lakini kanda alizotupa mama siku ya kuhama nyumba hazirudi. Za kwetu nilizikuta Ngamiani, Tanga, juu ya kabati la bibi, ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga. Zilikuwa nne tu: Contra, Super Mario, ile ya vifaru, na ya njano iliyoandikwa kwamba ina michezo 9,999,999. Mwaka 1997 mimi na kaka yangu tuliihesabu, tukapata saba. Iliyobaki ilikuwa ni hiyohiyo saba, huu umeanzishiwa hatua ya mbele, ule umebadilishwa rangi ya mbingu.

Mashine yenyewe aliileta mjomba kutoka Dubai. Tanzania Bara ilipata vituo vya televisheni mwaka 1994, na TV yetu ilikuwa ya zamani kidogo kuliko hapo, ya kuangalia mikanda ya deki. Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho mimi binafsi niliweza kukiamuru kwenye kioo kile kilikuwa Mario. Hatukujua kwamba mashine ile ni nakala. Kampuni ya Nintendo ilianza kuuza Famicom, mashine yake ya gemu, Japani mwaka 1983, na viwanda vya Asia vikaiga, vikaiga tena, mpaka ikafika kwetu na maboksi yenye picha za magari ya mashindano ambayo ndani hayamo.

Hilo la nakala lina maana ukienda kununua. Kanda zetu zina pini 60, vile vipande vya shaba vya upande wa kuchomeka. Mashine ya Nintendo iliyouzwa Marekani na Ulaya hutumia kanda za pini 72, pana zaidi, na haziingiliani bila kiunganishi maalumu. Ndugu yako wa Ulaya akikwambia amekuonea kanda nzuri sokoni, mwombe picha ya upande wa pini kabla hajalipa.

Sasa adapta. Nisikilize vizuri hapa, maana mashine ya mjomba niliiua mimi. Adapta yake ilishapotea, nikachukua ya king'amuzi, ncha ikaingia kama imetengenezewa palepale, nikawasha. Ikatoka harufu ya plastiki. Mwanangu wa mwisho, aliyekuwa ameshashika pedi, akauliza, "Mama, ndiyo inaanza?"

Geuza mashine, usome kibandiko cha chini. Utaona idadi ya volti, na pembeni mchoro wa kiduara chenye nukta katikati, huku alama ya kujumlisha na ya kutoa zikiwa kulia na kushoto. Mchoro huo unakwambia katikati ya ncha ni chanya au hasi. Nakala nyingi zinataka volti 9, hasi katikati; Famicom halisi ilitumia volti 10, nayo hasi katikati. Adapta za ving'amuzi na ruta mara nyingi ni volti 12, chanya katikati. Kwa maneno mengine, niliingiza umeme kinyumenyume. Kibandiko kikiwa kimefutika usibahatishe, mpelekee fundi mwenye mita.

Mashine ya pili niliipata kwa mzee anayeuza redio mbovu, na yenyewe haikuwaka. Nikaenda kwa fundi. "Shikamoo baba, hili nalo limekufa?" "Marahaba mwanangu. Halijafa, limezimia." Akanionyesha kidude cha miguu mitatu kilichofungwa kwenye kipande cha bati, kimeandikwa 7805. Kazi yake ni kushusha umeme mpaka volti 5, na kinachozidi hugeuka joto. (Mama alikuwa akipapasa mgongo wa mashine na kutangaza kwamba gemu linaunguza TV. Joto lilikuwepo kweli, ila TV haikuhusika.) Alibadilisha hicho kidude na waya mmoja uliokatika kwenye swichi, ikawaka. Lakini kama ubovu uko kwenye lile tone jeusi gumu lililomwagwa katikati ya sakiti, usimsumbue mtu. Humo ndimo ulimo ubongo wote wa mashine, na halifunguki.

Ukiona taa inawaka lakini kioo kimebaki cha kijivu au kimejaa vibox vibox vya rangi, tatizo ni uchafu. Najua mkono wako umeshachomoa kanda na mdomo umeshakaa tayari. Usipulize. Sote tulipuliza, na kanda ilikubali, ila iliyosaidia ni ile kuichomoa na kuichomeka upya, pini zikakaa sawa. Pumzi yenyewe ina unyevu na mate, na mate yakikaa juu ya shaba kwa miaka huacha kutu ya kijani. Contra yetu ilikuwa na kijani cha kutosha kupika mchicha.

Nunua spiriti duka la dawa, na pamba za masikioni. Lowesha kidogo, sugua pini pande zote mbili, badilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Doa likigoma, pitisha ufutio wa penseli taratibu, kisha spiriti tena. Acha ikauke robo saa. Tundu la mashine ni gumu kulifikia. Mimi huchomeka na kuchomoa kanda safi yenye spiriti kidogo mara tatu nne, umeme ukiwa umezimwa, naifuta kila ikitoka. Siku ya kwanza ilitoka nyeusi kama masizi, pamoja na mguu wa mende.

Pedi zinafunguka kwa bisibisi ya nyota. Ndani kuna mpira wenye vidoti vyeusi vinavyogusa sakiti. Futa kote kwa pamba. Kitufe kikiwa bado kizito, sugua penseli laini, 2B, juu ya kile kidoti, si kwenye sakiti. Pedi ya kaka ilikuwa imechakaa A peke yake, kwa kuruka.

Upande wa TV, ushauri wangu ni mmoja: tafuta ya chogo. Waya wa njano ni picha, nyekundu au nyeupe ni sauti. Kama mashine yako ina ule waya mmoja tu wa kuingia tundu la antena, iwashe ikiwa na kanda, kisha tafuta chaneli kwa mkono mpaka picha ijitokeze kwenye chenga. Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, lakini TV ya chogo haikusahau kupokea analojia, na mashine yako ndiyo kituo chake sasa. Watu wanazitoa kwa bei ya chuma chakavu. Ni nzito, chukua kijana wa kukusaidia. Ila usifungue mgongo wake: umeme mkali hubaki ndani hata ikiwa haijachomekwa.

Flati nayo inaonyesha picha, wakati mwingine kwa kununua kigeuzi cha kwenda HDMI. Shida ni kwamba huchakata picha kabla ya kuionyesha, kwa hiyo unabonyeza sasa, Mario anaruka baadaye kidogo. Hicho kidogo kinatosha kumtia shimoni. Washa hali ya gemu kwenye menyu, itapungua, haitaisha.

Na kama una bastola ya kupigia bata, kwenye flati isahau kabisa. Ukivuta kitufe, kioo chote huwa cheusi kwa nukta ya muda, halafu pale alipo bata panawaka mraba mweupe. Bastola haitoi chochote, inatazama tu kama imeuona huo mweupe kwa wakati wake. Flati inachelewesha, bastola inaona giza, mbwa wa ndani ya gemu anakucheka. Sisi tulipata ujanja wa kuielekeza kwenye balbu, na kwa bastola yetu ulikubali.

Mashine ikishasimama, usimwanzishie mtoto na Contra. Mwanzishie vifaru. Mnacheza wawili upande mmoja, mnalinda ndege aliyezungushiwa matofali, hatua 35, na mtoto anaelewa kila kitu bila kuelezwa. Risasi yako ikimpata mwenzio hafi, anaganda tu kwa muda. Ugomvi wa nyumbani kwetu ulianzia hapo. Mario ifuate. Haihifadhi ulipofika, umeme ukikatika mnaanza mwanzo, kwa hiyo mfundishe mapema njia ya 1-2 (dunia ya 1, hatua ya 2): panda juu ya dari ya matofali, kimbia hadi mwisho, kuna mabomba ya kwenda dunia ya 2, 3 na 4.

Contra iache Jumamosi usiku, na mtu wa umri wako. Picha ya mwanzo ikitokea: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Mkiwa wawili bonyeza Select kisha Start. Maisha 30 kila mmoja. Kaka alizipata siri hizo kwa mtoto aliyekuja likizo kutoka Mombasa, akakaa nazo wiki nzima bila kuniambia, akinionyesha tu kwamba yeye hafi.

Hatua ya tatu ni maporomoko ya maji. Kioo kinapanda na aliye juu, na aliyeachwa chini anakufa hata kama hajaguswa na risasi. Kaka alinimaliza pale utoto mzima. Idi iliyopita alikuja kwangu, ana miaka 43, ana kitambi na miwani, tukaketi kwenye mkeka na pedi mbili safi. Tulipofika kwenye maji nikamwambia, "Kaka, leo nisubiri." Akasema, "Nakusubiri, mdogo wangu," huku dole gumba limeshaenda kwenye A.