Kabla ya kupanda Nkungwe kuchukua sampuli

Mkitaka kupima kemikali sugu, zile zinazodumu miaka mingi bila kuoza, kwenye milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, hatari si kuzikosa. Hatari ni kuzikuta, kumbe mmezipandisha wenyewe.

DDT, dawa ya kuua wadudu, na mafuta ya PCB ya transfoma za zamani hugeuka mvuke kwenye joto, husafiri na upepo na kutua penye baridi. Ndiyo maana zimekutwa kwenye samaki wa maziwa ya juu ya milima ya Alps na Pyrenees huko Ulaya, mbali na mashamba na viwanda. Mlima Nkungwe, kilele cha juu cha Mahale, mita 2,462, hauna baridi ya theluji, kwa hiyo tarajieni viwango vidogo mno, vinavyovurugwa na uchafu kidogo tu.

Vibali vya TANAPA (hifadhi za taifa), TAWIRI (utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) viombwe mapema, safari iangukie kiangazi. Halafu muongee na maabara: inataka gramu ngapi, na inaweza kuona kiwango cha chini kiasi gani? Iombeni ipime na DDE, ambayo DDT hugeuka kuwa kadiri inavyozeeka. DDT ikiizidi sana DDE, huenda kuna mtu bado anapulizia.

Msikimbilie maji ya kijito. Udongo wa juu wenye mboji, na kuvumwani (lichen, ile inayoota kwenye mawe na magome ya miti), hushika zaidi.

Vyombo ndivyo vya kukalia kikao. Kwa DDT na PCB, chupa ziwe za kioo, zioshwe kwa asetoni maabara, na mdomo ufunikwe foili kabla ya kifuniko, maana plastiki hunyonya kemikali hizi. Mkipima pia PFAS, zile za kuzuia maji kwenye makoti ya mvua, mambo yanageuka: chupa za plastiki ya polipropilini, na koti linabaki kambini. Mchukua sampuli asijipake dawa ya mbu. Kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 100 za ziwa, basi deli la barafu lenye sampuli likae mbali na petroli ya boti.

Kuna chupa moja ambayo wengi huiacha kukwepa gharama: yenye maji safi ya maabara, inayofunguliwa kileleni kwa muda ule ule wa kuchukua sampuli, kisha inafungwa na kurudi na nyingine. Ikikutwa na DDT, uchafu ni wenu, si wa mlima. Bora mpunguze vituo kuliko kuiacha hii.

Lebo ziandikwe kwa penseli; wino wa makapeni una viyeyushi.