SOMO: Kuchagua na kuweka kisoma RSS chako mwenyewe, kompyuta na simu

Wakuu, salaam. RSS ni njia ya tovuti kutoa orodha ya habari zake mpya, iitwayo mlisho, na kisoma RSS hukukusanyia milisho unayofuatilia mahali pamoja. FreshRSS na Miniflux ni visoma unavyoweka kwenye mashine yako. Jana nimeulizwa tena, "Nitumie kipi, FreshRSS au Miniflux?" Nilishajibu WhatsApp, nilishajibu kwa simu, na jamaa mmoja nilimjibu tukisubiri daladala Buzuruga. Naandika hapa mara moja, anayeuliza tena nitamleta huku.

Kwa nini ujisumbue? Google Reader, kisoma RSS cha Google, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na watu wengi wakabaki wanahangaika na orodha zao. Kisoma RSS kikikaa kwenye mashine yako, hakuna wa kukufungia, na hakuna wa kukuchagulia habari ipi uione kwanza. Hili nalijali sana.

1. Anzia kwenye simu. Wengi huchagua kwa uzuri wa ukurasa wa kompyuta, kumbe asilimia kubwa ya usomaji wao ni kwenye simu, ndani ya daladala. Jiulize kwanza: programu gani ya simu naipenda, na inaongea na seva ipi (programu ya kwenye mashine yako inayokusanya habari)? Kwenye Android kuna Read You, Capy Reader na FeedMe. Kwenye iPhone kuna NetNewsWire, ya bure kabisa. Zote nne zinakubali FreshRSS.

2. Chagua seva. FreshRSS imeandikwa kwa PHP na inatosheka na SQLite, yaani hifadhidata ni faili moja tu. Hata Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inaibeba. Miniflux imeandikwa kwa Go, ni nyepesi na safi machoni, lakini inadai PostgreSQL (hifadhidata kubwa inayojitegemea) na si kingine. Kama PostgreSQL huijui, usiijifunzie hapa. Tiny Tiny RSS niliitumia zamani, ila mwenyewe aliyeianzisha alitangaza kuiacha mwaka 2025 na sasa inaendelezwa na wengine, kwa hiyo anayeanza leo simpeleki huko. Kwa watu tisa kati ya kumi wanaoniuliza, jibu langu ni FreshRSS.

3. Weka Docker kwenye mashine. Hii huendesha programu ndani ya "kontena", yaani boksi lililotengwa lenye kila kitu inachohitaji. Laptopu kuukuu yenye Debian inatosha.

4. Folda ya data ikae NJE ya kontena. Hapa tulia, usome taratibu. Mara ya kwanza niliwasha FreshRSS kwa amri fupi niliyoinakili mahali. Ilifanya kazi vizuri, nikaongeza milisho zaidi ya mia, nikaweka nyota kwenye makala za kilimo na za ziwa nilizotaka kuzitunza. Wiki tatu baadaye likatoka toleo jipya. Nikafuta kontena la zamani, nikawasha jipya, likaniuliza lugha na jina la mtumiaji kana kwamba hatujawahi kuonana. Kila kitu kilikuwa ndani ya kontena lile nililofuta. Iliniuma, kwa sababu zile nyota zilikuwa kazi yangu ya jioni nyingi. Kwa hiyo amri yako ya kuwasha kontena LAZIMA iwe na mstari huu:

`-v /srv/freshrss/data:/var/www/FreshRSS/data`

Upande wa kushoto ni folda ya kwenye mashine yako, badilisha upendavyo. Wa kulia usiuguse. Ukimaliza, ongeza mlisho mmoja, futa kontena, liwashe upya kwa amri ileile. Mlisho ukiwepo, endelea. Usipokuwepo, rudi juu. Jaribio hili lifanye siku ya kwanza, ukiwa bado huna cha kupoteza.

Onyo la pili: faili ya OPML (orodha ya kuhamisha milisho) unayopakua kama akiba ina orodha ya milisho tu. Makala zenye nyota hazimo, hizo zichague peke yake kwenye ukurasa wa FreshRSS wa kutoa data.

5. Kwenye amri ileile weka CRON_MIN, ratiba ya kukusanya habari. Mfano `-e CRON_MIN=13,43` maana yake itakusanya habari dakika ya 13 na ya 43 ya kila saa. Bila hiyo hakuna kinachoingia chenyewe. Weka pia `-e TZ=Africa/Dar_es_Salaam`, ili saa ziwe za kwetu.

6. Ruhusu API (njia ambayo programu ya simu huongea na seva), kisha weka nywila ya API. Ni sehemu mbili tofauti. Kwenye mipangilio ya uthibitishaji ruhusu API, halafu nenda kwenye wasifu wako uweke nywila ya API. Simu inatumia nywila HII, si ile ya kuingilia kwenye ukurasa. Anwani ya seva unayoiandika kwenye programu ya simu inaishia na `/api/greader.php`.

7. Kuifikia ukiwa nje. Modemu za laini ya simu kwa kawaida hazikupi anwani ya umma, hivyo kufungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) hakutasaidia. Weka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa faragha, kwenye seva na kwenye simu, basi.

Maswali karibuni.

Kijana_wa_Igoma: Mkuu nimefuata zote ila simu inakataa password.

Mwandishi: Hatua ya 6.

Kijana_wa_Igoma: Nimeisoma. Naweka ileile ninayologia kwenye browser, inakataa.

Mwandishi: Ndugu, hatua ya 6 inasema usiweke hiyo.

Kijana_wa_Igoma: Imekubali. Asante.

Mzee_Kirumba: Haya yote ya nini? Si mtu apakue app tu asome?

Mwandishi: Shikamoo mzee. Kama unasoma kwenye simu moja tu, app peke yake inatosha, na hapo juu sijamlazimisha mtu. Somo ni la anayetaka alichokisoma kwenye simu kionekane kimesomwa kwenye kompyuta, na simu ikipotea orodha yake ibaki.

Mzee_Kirumba: Marahaba. Hapo nimekuelewa.

Dada_Sengerema: Kaka, kuna tovuti nafuatilia matangazo yake ya kazi, haina alama ya RSS popote. Ndiyo basi?

Mwandishi: Swali zuri sana dada. Kwanza jaribu kuongeza `/feed/` mwishoni mwa anwani. Tovuti nyingi zimejengwa kwa WordPress na mlisho upo, ila hawauonyeshi. Ikikataa, FreshRSS ina njia ya XPath (maelezo ya kuonyesha sehemu ndani ya ukurasa): unaielekeza kwenye ukurasa wenyewe, unaiambia kila tangazo linaanzia wapi, kichwa kiko wapi na kiungo kiko wapi, nayo inakutengenezea mlisho. Mara ya kwanza itakuchukua jioni nzima, lakini ukishaelewa ukurasa mmoja, mingine inafuata. Nitumie anwani nikuandikie wa kwanza, tuupitie pamoja mstari kwa mstari.

Dada_Sengerema: Ya `/feed/` imekubali! Na chaneli za YouTube je?

Mwandishi: Zipo. `https://www.youtube.com/feeds/videos.xml?channel_id=` kisha unaweka namba ya chaneli, ile inayoanza na UC.

Nansio_Mwl: Mimi napanda meli ya Ukerewe kila mwisho wa wiki. Katikati ya ziwa mtandao hakuna. Kuna ya kusoma bila bando?

Mwandishi: Chukua FeedMe, mwalimu. Iambie ipakue makala pamoja na picha, uisawazishe ukiwa bado bandarini. Utakachosoma ziwani kitarekodiwa kwenye seva ukifika Nansio.

Nansio_Mwl: Na milisho inayotoa mistari miwili tu halafu "soma zaidi"?

Mwandishi: Kwenye FreshRSS fungua mipangilio ya mlisho huo, kuna sehemu ya kuandika kiteuzi cha CSS, yaani jina linaloonyesha sehemu ya ukurasa yenye mwili wa makala. Ukiandika, mfano, `article`, seva itakwenda kuileta makala nzima, na simu itapakua ikiwa kamili.

Fundi_Nyegezi: Naongezea: wenye Raspberry Pi, umeme ukikatika-katika kadi ya SD inakufa. Laptopu kuukuu ina betri yake, ndiyo maana mimi nimeiweka.

Mwandishi: Kweli kabisa fundi, hili nililisahau. Ila ukifunika laptopu inalala na seva nayo inalala.

Fundi_Nyegezi: Fungua `/etc/systemd/logind.conf`, tafuta `HandleLidSwitch`, ondoa alama ya reli (#) mbele yake, andika `ignore`, kisha iwashe mashine upya. Yangu iko juu ya kabati, imefunikwa, tangu masika.