Mtunzi katupia sehemu mpya, we unamjibuje?

Wadau wa riwaya, hii ni kwa nyie mnaosoma simulizi kwenye simu, Facebook, magrupu ya WhatsApp, JamiiForums na kwingineko, zile zinazokuja sehemu kwa sehemu na chini zinaandikwa "itaendelea". Kila nikipita naona jambo lile lile, mtunzi kakesha anaandika, asubuhi katupia sehemu mpya, na chini yake komenti kibao zote ni "next", "tupia vitu mkuu", "arosto inaniua", "mwendelezo please", na emoji za moto. Sisemi ni mbaya, zinamwonyesha kwamba watu wapo, lakini akizisoma zote mpaka ya mwisho hajui chochote kuhusu kazi yake zaidi ya kwamba tuna haraka. Na watunzi wetu wengi wa mtandaoni hawana mhariri, hawana wa kuwasomea mswada, anaandika kwenye simu hiyo hiyo anayopokelea ujumbe wa mkopo, sasa kama sisi wasomaji hatumwambii kitu ataambiwa na nani?

Cha kwanza ni kusoma kweli, mpaka mwisho, na kama ulipitisha macho tu ukiwa kwenye foleni basi komenti isubiri, rudia jioni ukitulia. Najua inaonekana kitu kidogo ila nusu ya ugomvi unaotokea chini ya simulizi unaanzishwa na mtu aliyeruka sehemu mbili halafu anauliza "huyu shangazi katokea wapi". Wazee wetu walikuwa na njia ngumu kuliko hii, gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923 pale Tanganyika likawa na nafasi ya mashairi, na watu walikuwa wanajibizana humo, mtu katunga yake akiwa Tanga mwingine anamjibu kutoka kwingine kabisa, na jibu la shairi lilitakiwa lifuate vina na mizani, sasa utamjibuje mtu kwa vina vyake kama hukumsoma vizuri? Sisi hatudaiwi vina, tunadaiwa kusoma tu.

Ukishasoma jiulize ulisimama wapi. Kila sehemu ina mahali ulipopunguza mwendo, ukarudia sentensi, au ulicheka peke yako, au kinyume chake ulianza kuruka mistari kutafuta kitakachotokea. Hapo ndo komenti yako ilipo. Ikopi ile sentensi, ibandike, halafu sema ilikufanya nini kwa maneno yako ya kawaida. Mfano wa komenti ambayo mtunzi anaweza kuifanyia kazi ni kama hii:

"Sehemu ya 6. Pale mama mkwe alipolifunika sufuria la wali bila kusema neno nikajua huyu mwali hatakaa hii nyumba, nilisisimka kabisa. Ila aya iliyofuata umekuja kunieleza tena kwamba mama mkwe hampendi mkwewe, nikaona umenirudisha nyuma maana nilishajua kwenye sufuria."

Angalia hiyo komenti imebeba mambo mangapi, imemwambia kipi kimefanya kazi, imemwambia kipi kimezidi, na imemwambia kwa nini, bila tusi na bila sifa za "we ni hatari mkuu". Mtunzi akipata tatu nne za hivyo kwa wiki, uandishi wake unabadilika, nimeliona hili kwa macho, mtu anayeanza simulizi kwa maelezo marefu ya sura ya kila mhusika anafika katikati anajua kumwonyesha mtu kwa tendo moja, kwa sababu tu wasomaji walimwonyesha wapi wanaelewa wenyewe.

Sema pia ulipopotea. "Sehemu ya 9 nilidhani wako Morogoro, kumbe walisharudi Dar, sikuona waliposafiri." Hiyo peke yake inatosha, usiongeze "ungeweka sura ya safari ya basi halafu wakutane na yule mchumba wa zamani". Kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia mtunzi kilichokupata na kumwandikia hadithi yake. La kwanza unalijua wewe kuliko mtu yeyote, maana ndo we uliyepotea, la pili ni kazi yake na yeye ndo anajua anakoelekea. Unaweza kuona mhusika fulani hana kazi kumbe kawekwa kwa ajili ya sehemu ya 30.

Hapa kuna jambo linanigusa sana, nalo ni vitisho vya wasomaji. "Ukimuua huyu binti nasepa", "wakiachana hawa siendelei kusoma". Mambo haya hayakuanza kwetu, mtunzi Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes, mpelelezi wa kwenye hadithi zake, mwaka 1893 wasomaji wa Uingereza walikasirika, wengi wakaacha kununua lile jarida lililokuwa linachapa hadithi zake, wakamwandikia barua za hasira, na miaka kumi baadaye, 1903, akamrudisha Holmes akiwa hai. Watu wanalisimulia hilo kama ushindi wa wasomaji. Mimi naona kila mtu ana haki ya kulia mhusika wake akifa, na nakuomba ulie, mwandikie mtunzi kwamba ulizima simu ukakaa kimya, kwamba ulimzoea yule binti kama mdogo wako, hiyo ni zawadi kwake. Ila kumwekea masharti ni kumfanya aandike kwa woga, na simulizi ya woga unaijua tu, kila mtu anaokolewa dakika ya mwisho na hakuna kinachouma.

Halafu lipo suala la kumchanganya mtunzi na mhusika wake. Mtunzi kaandika mlevi, basi "mkuu unapiga sana gongo nini". Dada kaandika mke anayetoka nje ya ndoa, basi inboksi yake inajaa wanaume wanaouliza hayo mambo ameyapitia wapi. Hili naliombea liishe. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971 na ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, watu waliona mambo ya mapenzi yaliyomo wakakomea hapo, wakati humo humo yupo Zakaria, baba mlevi na mkali, aliyempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na ukisoma kwa utulivu unaona mtunzi anauliza malezi ya namna ile yanamfikisha wapi mtoto. Kwa hiyo kabla hujamuuliza mtunzi kuhusu maisha yake ya chumbani, uliza kuhusu mhusika: kwa nini huyu mama alivumilia miaka yote ile halafu akaondoka siku ya mvua? Swali la namna hiyo linajibika, na mara nyingi mtunzi analijibu vizuri mpaka grupu zima linajifunza.

Namna ya kumwita nayo ina maana. Kama humjui umri wala jinsia, "ndugu mtunzi" inatosha. "Mkuu" imezoeleka, "kaka", "dada", "mwalimu" kama kweli ni mwalimu, na akiwa mtu mzima shikamoo yake mpe hata kama ni kwenye maandishi. Ukimkosoa anza na jina lake la heshima, haipunguzi ukali wa hoja yako hata kidogo.

Sasa tuje kwenye zile posti ambazo si riwaya. Mtunzi siku hiyo hakutupia sehemu, kaandika mistari mitano kuhusu konda aliyemrudishia bibi nauli bila kuombwa, au mvua ya Jangwani na watu waliovua viatu, au fundi cherehani anayeongea na nguo. Watu wanakuja juu: "mkuu acha stori za daladala tupe riwaya." Jamani, hizo stori za daladala ndo riwaya yenyewe ikiwa bado mbichi! Mtunzi pale ananoa jicho, anajaribu kuona kama kitu alichokiona yeye kinaonekana na kwa wengine, na baada ya miezi utakuta yule konda ameingia kwenye sura ya tatu akiwa na jina. Kwangu mimi hizi posti ndogo zinastahili komenti nzuri kuliko hata simulizi, kwa sababu hapa msomaji una kitu cha kurudisha. Yeye kakupa alichokiona, we mpe ulichokiona.

Ila kiwe kitu chenyewe, si maelezo ya jumla. Ukiandika "hata kwetu maisha magumu mkuu" hujampa kitu. Ukiandika "huku Tandika kuna mama wa vitumbua chenji hakupi mkononi, anaiweka juu ya mfuniko wa ndoo uichukue mwenyewe maana mikono yake ina mafuta, na wateja wa kila siku wanajua, mgeni ndo ananyoosha mkono akabaki anashangaa", hapo umempa mtu kamili, mahali, mkono, na tofauti ya mwenyeji na mgeni. Kama hujali, maliza na "ukiona inakufaa itumie", maana watunzi waungwana wanaogopa kuchukua vitu vya watu. Na mtu uliyemwona usimtaje jina lake halisi wala usimpige picha ukaiweka, yule mama anauza vitumbua, hakuomba kuwa mhusika wa mtu yeyote. Vile vile usimbane mtunzi aseme konda yule ni wa gari gani.

Makosa ya ukweli, haya yapo na yanatakiwa kusemwa, ila kuna namna. Mhusika yuko Dar mwaka 2009 anapanda basi la mwendokasi kwenda Kimara, wakati mwendokasi umeanza Mei 2016. Au ni mwaka 1995 anavuka kwenda Kigamboni kwa daraja, wakati daraja lenyewe limefunguliwa Aprili 2016 na kabla ya hapo kwa njia hiyo ilikuwa panton tu, yaani kivuko. Au kijana anamtumia mama yake hela kwa M-Pesa mwaka 2003, na M-Pesa imeanza Kenya 2007, Tanzania ikafuata 2008. Vitu kama hivyo mwandikie inboksi, sentensi moja mbili, mwambie ni sehemu ya ngapi, kosa ni lipi na sahihi ni ipi, ili arekebishe kabla haijasambaa. Ukimwandikia hadharani wanakuja wengine kumi kushindilia msumari, na mjadala wa siku nzima unakuwa wa daraja badala ya yule binti aliyekuwa analivuka. Taipo ndo kabisa, ziweke pamoja umtumie mara moja mwisho wa wiki. Na kabla hujaita kitu kosa la Kiswahili angalia anayeongea ni nani, mhusika wa Lamu akisema "ndoo" akimaanisha njoo, hiyo siyo taipo, na Mkongo wa Lubumbashi haongei kama mtu wa Kariakoo, mtunzi akiweza hilo msifie.

Spoila, yaani kumfichulia mwenzako ya mbele, nitaligusa kwa kifupi: anza komenti yako na namba ya sehemu, na kama kuna kifo au siri kubwa iache ukiizungukia, kuna mwenzako bando limeisha tangu juzi yuko sehemu ya 11.

Hela na PDF. Naomba nieleweke, komenti inayomuumiza mtunzi kuliko zote si ile kali, ni "mwenye PDF ya hii aitupie hapa" iliyoandikwa chini ya posti ya mwenyewe anayeiuza. Wengi wanatupa sehemu za mwanzo bure, kisha simulizi nzima wanaiuza buku (elfu moja) au buku mbili kwa namba ya simu, hiyo ndo malipo yake yote kwa miezi ya kuandika. Kama huna kwa sasa sema huna, watunzi wengi ni waelewa, wengine wanakupa. Ukinunua isome wewe, usiirushe kwenye grupu. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na COSOTA, taasisi ya hakimiliki, ndo wanaosimamia mambo hayo, Kenya wana bodi yao, KECOBO, na riwaya ni mali ya aliyeitunga hata kama ilitoka Facebook na haijawahi kuchapwa. Ukikutana na simulizi ya mtu imebandikwa kwingine na jina limefutwa, usianze kugombana na mwizi, piga skrinshoti inayoonyesha tarehe na jina la grupu, kopi linki, mtumie mtunzi kimya kimya, aamue mwenyewe. Ukimshtua yule mwizi kwanza anafuta na ushahidi unapotea.

Na mtunzi asipokujibu usinune. Ana kazi nyingine, ana watoto, na wengine wanasoma kila komenti ila hawajui kujibu. Angalia sehemu zinazokuja, mara nyingi jibu lako liko humo.

Mwisho wa simulizi ndo wakati tunapotea wote, anaandika "MWISHO", tunaandika "asante, anza nyingine", basi. Wakati ule ndo anakuhitaji kuliko siku zote, kwa sababu anafikiria kama aipeleke kwa mchapishaji, aikate, aibadilishe jina. Rudi usome sehemu ya 1, sasa hivi ukiwa unajua yote, halafu mwandikie komenti moja ndefu: mwanzo uliahidi nini na mwisho umetoa nini, mhusika gani umebaki naye, sehemu zipi zingeweza kutolewa na hakuna ambaye angezikosa, na ni nani ungempa aisome, mama yako, mwanao wa sekondari, au hapana na kwa nini. Mtumie wiki hiyo hiyo kabla hajaanza nyingine. Ikija kuchapwa, nenda dukani ukainunue, na picha ya jalada itupie kwenye lile lile grupu mliloisomea.