Mbio za pointi: shambulia baada ya mstari

Kwenye mbio za pointi za baiskeli za jioni za katikati ya wiki, kama zile za uwanja wa Herne Hill kusini mwa London, pointi hutolewa kila baada ya mizunguko kadhaa kwa wanaotangulia kuvuka mstari; usigombanie kila mstari. Kengele ya kutangaza mstari unaofuata ikilia, kaa nafasi ya sita au ya saba, juu kidogo kwenye ukingo wa njia ulioinama, uwaache wenye kasi wamalizane. Wakishavuka mstari tu, tupa jicho begani (baiskeli hizi hazina breki, na wa nyuma yako hana pa kukwepea), kisha chochea kwa nguvu zote. Wapite kwa nje, na ukishawaacha ndipo ushuke hadi mstari mweusi wa ndani. Mteremko unakuongezea kasi bure. Wao wanahema, wanatazamana nani avute, na kwa gia moja tu, kuamsha tena baiskeli iliyopoa ni kazi nzito. Wanne wa kwanza mstarini hupata pointi 5, 3, 2 na 1, kwa hiyo ukifika peke yako mstari unaofuata unabeba 5. Ukilitangulia kundi lote kwa mzunguko mzima hadi ulifikie tena kwa nyuma, unapata 20, ingawa kwa anayeanza hilo ni nadra.

Haifai upepo ukiwa mkali: uwanja ule uko wazi, na upande mmoja utakumaliza. Haifai pia karibu na mwisho, maana mstari wa mwisho una pointi mara mbili na hapo hakuna anayelegea. Wawili watatu wakikufuata, usikasirike. Pokezaneni mbele, mzunguko kwa mzunguko.