Kurekodi muziki nyumbani: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Wakuu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nina laki tano, ninunue maiki gani?" Jibu langu huwaudhi wengi, kwa sababu na mimi nauliza: chumba chako kina paa la nini, na jirani anafuga nini?

Nina sababu. Maiki yangu ya kwanza ilikuwa kondensa ya bei chee, niliuziwa kwa maneno matamu kwamba "hii ndiyo ya studio". Ilikuwa ya studio kweli, ila chumba changu hakikuwa studio. Nilipovaa hedifoni nikasikia feni, jogoo, bodaboda inayopanda mlima, na mtu anayesugua sufuria uani. Sauti yangu ilikuwa humo katikati kama abiria aliyekosa siti. Kwa hiyo somo hili linaanzia chumbani.

Hatua ya 1: Chumba (hapa hutoi hata senti)

Simama unapotaka kuimbia, piga kofi moja kali. Ukisikia kamlio kanakofuata, kama kofi limepigwa ndani ya debe, kuta zako zinarudisha sauti, na maiki itanasa hayo marudio. Hakuna programu itakayoyaondoa vizuri baadaye.

Wengi hutundika blanketi nyuma ya maiki. Kwa maiki ya kuimbia ya kawaida, hapo ndipo penye faida ndogo. Maiki hiyo inasikia mbele yake na upande wa nyuma haiusikii sana. Na mbele yake kuna nani? Wewe, na ukuta ulio nyuma ya kisogo chako. Huo ndio ukuta wa kufunika. Mimi nilisimamisha godoro nyuma yangu, nikafungua milango ya kabati lililojaa nguo ubavuni. Blanketi nzito mbili kwenye kamba nazo zinafaa. Trei za mayai achaneni nazo, zinapunguza kidogo sana marudio ya sauti nyembamba, na kelele za nje hazizuii kabisa.

Zima feni, friji ikiwa karibu ichomoe (weka ufunguo wa nyumba juu yake usije ukasahau kuiwasha, samaki wangu waliharibika hivyo). Paa la bati na mvua havina dawa, subiri inyeshe iishe.

Hatua ya 2: Maiki

Ziko aina mbili za kukuhusu. Dainamiki ni ngumu, haihitaji umeme, na husikia zaidi kilicho karibu nayo. Kondensa ni nyepesi wa kusikia, inachukua hadi pumzi, na inahitaji umeme wa volti 48 unaotoka kwenye saundi kadi (tutaifikia Hatua ya 3) kupitia waya wa XLR, ule wa maiki wenye pini tatu.

Kama unaishi nyumba ya kupanga, anza na dainamiki. Shure SM58 imekuwepo tangu 1966 na bado iko kwenye majukwaa ya dunia nzima. Kama una chumba kimya cha ndani, kondensa kama Audio-Technica AT2020 itakupa sauti angavu zaidi.

SM58 za bandia zimejaa mtaani. Halisi ina uzito wa gramu 298 hivi, kwa hiyo nenda na mizani au omba ya duka la jirani. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, iache. Ikilingana uzito bado si ushahidi kamili, iimbie na uisikilize. Na ikiuzwa robo ya bei ya maduka mengine, hapo jibu unalo.

Hatua ya 3: Saundi kadi ya nje

Hili ndilo boksi dogo linalopokea maiki na kuingia kwenye kompyuta kwa USB. Tundu la maiki lililo kwenye laptopu halikutengenezwa kwa kazi hii, litakupa mvumo. Focusrite Scarlett Solo au Behringer UM2 zinamtosha mwimbaji mmoja. Ukipiga gitaa na kuimba kwa pamoja na unataka maiki mbili, chukua yenye matundu mawili ya XLR, kama Scarlett 2i2. Ukinunua ya mtumba, washa volti 48 na ujaribu kila tundu hapohapo dukani, kila kitufe kizungushe taratibu ukiwa na hedifoni masikioni. Kikikwaruza ukikizungusha, kimechoka.

Hatua ya 4: Hedifoni, kabla ya spika

Ziwe za kufunika sikio lote na zilizofungwa nyuma, la sivyo biti (mdundo unaouimbia) itavuja na kuingia kwenye maiki. Spika za studio zisubiri. Kwenye chumba chenye kuta tupu zitakudanganya besi.

Vidogo: stendi imara, waya wa XLR wa mita 3, na kizuizi cha pumzi za "p" na "b". Hicho cha mwisho tengeneza: pinda waya wa hanga uwe duara, vuta soksi nyepesi ya kike juu yake, weka upana wa kiganja kutoka kwenye maiki.

Hatua ya 5: Programu

Audacity ni ya bure na inatosha kujifunzia. Reaper unaijaribu siku 60, leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na ni nyepesi hata kwa kompyuta ya zamani. Wapenzi wa FL Studio, hakikisheni toleo mnalonunua linarekodi maiki, toleo la Producer linarekodi. Za kuvunjwa kufuli sizungumzii, niliwahi kupoteza nyimbo zote kwa kirusi.

Hatua ya 6: Jaribio

Kwenye mipangilio ya programu weka ubora wa bit 24 (hii si biti ya mdundo) na kilohezi 44.1. Imba kiitikio kwa nguvu zako zote huku ukipandisha geini (kitufe cha nguvu ya maiki kwenye saundi kadi) taratibu, mpaka kilele kiguse kama desibeli 10 chini ya sifuri kwenye kipimo cha programu. Usisogee zaidi. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haishoneki, ila ya chini kidogo unaipandisha baadaye bila shida.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nikiimba najisikia nachelewa kwenye hedifoni, kama mwangwi. Maiki mbovu?*

Maiki haina kosa. Sauti inazunguka ndani ya kompyuta kabla ya kukurudia. Punguza bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukifanyia kazi: kwenye sampuli 1024 unapoteza milisekunde 23 kwa upande mmoja tu, kwenye 128 ni kama 3. Kama unatumia Windows, weka draiva ya ASIO (programu ndogo inayopunguza kuchelewa huko) ya kampuni iliyotengeneza saundi kadi yako. Njia rahisi zaidi ni kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja kilicho kwenye saundi kadi, kisha zima sauti ya treki hiyo ndani ya programu.

*Nikichomeka chaja ya laptopu nasikia mngurumo.*

Chomoa chaja, rekodi kwa betri. Mngurumo ukikata, tatizo ni umeme wa nyumba, mara nyingi soketi isiyo na waya wa ardhini. Muite fundi umeme. Usikate pini ya ardhini kwenye plagi kama wengine wanavyofundisha, inaweza kukuua.

*RAM yangu ni GB 4. Nisubiri?*

Usisubiri. Kurekodi sauti hakuli sana, kinachokula ni vinanda vya programu. Biti ukishaimaliza, itoe kama WAV moja, fungua mradi mpya, imbia juu yake. Treki moja ya sauti hula kama MB 8 kwa dakika, basi angalia nafasi ya diski.

*Maiki ya USB je? Haina mlolongo wote huu.*

Kwa podikasti sina ugomvi nayo. Kwa muziki, siku utakapotaka maiki ya pili utaanza upya.

*Sisi ni kaswida, watu kumi na wawili, maiki moja. Tunafanyaje, ustadhi?*

Hapo kondensa inaishinda dainamiki. Ipandisheni juu kidogo ya vichwa, pangeni nusu duara kama hatua mbili mbali nayo, wenye sauti kali wasogee nyuma. Rekodini kipande kifupi, sikilizeni, mtu akizidi arudi hatua moja nyuma, msiguse geini. Dufu liwe mbali kuliko wote, tena pembeni. Mkishapata moja safi, rekodini mara ya pili juu ya ile ya kwanza, kumi na wawili watasikika ishirini na nne. Na fanyeni kati ya adhana na adhana. Sisi tulipoteza ile nzuri kuliko zote kwa dakika mbili.